Mizinga ya Mia Sita Thelathini na Nane

Mwanafunzi wa kwanza kuazima kipima unyevu cha mahindi katika maktaba ya chuo chetu alikinga mikono miwili kama anayepokea komunio. Odeta akamwambia, "Shusha mikono, baba, tia sahihi hapa. Siku kumi na nne. Kikirudi na punje ndani nitajua."

Odeta ndiye mkutubi. Chuo ni cha kilimo na ufugaji nyuki, hapa Mpanda, na maktaba yake ni chumba kimoja chenye vitabu mia nane na feni inayozunguka ikipenda. Miaka mitatu iliyopita mradi mmoja ulifungasha ukaondoka, ukatuachia stoo imejaa vifaa: mizani ya kuning'iniza, maturubai, vipima udongo, mavazi ya nyuki, mizinga. Vikafungiwa vyote. Mwanafunzi akawa anasoma habari za kipima udongo kitabuni, na kipima udongo chenyewe kiko nyuma ya ukuta kinagugunwa na panya. Odeta akaenda kwa mkuu wa chuo mara tisa. Mara ya kumi mkuu akampa ufunguo ili apate kula chakula chake cha mchana kwa amani.

Ndivyo lilivyoanza Kabati la Vitu. Ukiwa na kadi ya maktaba unaazima kitu kama unavyoazima kitabu, unakitumia shambani, unarudisha.

Mimi ni Nestori, Mfipa, mstaafu. Nilitunza ghala la tumbaku miaka thelathini na moja. Ingekuwa thelathini, ila kiboko mmoja wa Sitalike alilala barabarani akanichelewesha mwaka mzima. Maktaba nilikuwa naenda kusoma magazeti, Odeta akaona nimekaa bure, akanipa kazi ya kuorodhesha. Nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha wakutubi kilichonyofoka kurasa ishirini za mwanzo. Kwa hiyo namna ya kuorodhesha kitu naijua vizuri. Sababu ya kuorodhesha ilikuwa kwenye zile kurasa.

Kadi zangu zilikuwa hivi: "Gambuti. Jozi moja. La kushoto lina kiraka." "Turubai. Mita nne kwa sita. Linanuka mbuzi." Odeta akataka nimfute mbuzi. Nikamwambia kitabu kinasema taja kila kinachokitambulisha kitu. Akalinusa turubai, akaacha kubishana.

Mizinga ilikuwa sita, ya mbao, ya kisasa. Vibandiko vya karatasi havikukaa. Nilivigandisha kwa uji wa muhogo, mchwa wakavila vyote usiku mmoja, na nasikia kuna mchwa pale mpaka leo hawajaweza kufumbua midomo. Basi nikatafuta nondo, nikaipasha moto ikawa nyekundu, nikachoma namba kwenye mbao. 638.1, ambayo katika maktaba ndiyo namba ya nyuki. Chini yake MZI, yaani mzinga, kisha moja mpaka sita. Nilichoma mbele kabisa, juu ya mlango wanamoingilia nyuki, kwa herufi za ukubwa wa zile za kwenye malori. Nikajipongeza kwa chai na maandazi mawili.

Novemba, Agatha, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ufugaji nyuki, aliazima yote sita kwa ajili ya mradi wake wa kumalizia chuo. Akaipeleka kwao Litapunga akaining'iniza. Fomu ilisema siku kumi na nne, maana tulikuwa na muda mmoja kwa kila kitu, kitabu au mzinga. Nyuki hawakuiona fomu. Ikafika Juni, mizinga haijarudi.

Jumanne moja ya Juni hiyo akaingia Bwana Alois, makamu mkuu wa chuo, mgeni wa miezi miwili. Ni mtu anayepiga pasi leso. Alisimama mbele ya kabati mikono nyuma.

"Madam Odeta, maktaba ni vitabu."

"Na hivi pia, Bwana Alois."

"Hivi ni stoo iliyohamia maktaba. Ijumaa nakagua. Kila kitu kilichoandikwa nikione kwa macho yangu mawili. Kisipoonekana kimepotea. Kikipotea hata kimoja, vyote vinarudi stoo na ufunguo unakuwa mfukoni kwangu."

Alipotoka, Odeta alifunguafungua rejista. Kisha akasema, "Baba Nestori, vikirudi stoo havitoki tena. Hawa watoto watamaliza chuo hawajawahi kushika mzinga."

"Tumwite Agatha."

Agatha alikuja jioni ile ile, amebeba daftari kifuani. "Mwalimu, mizinga imejaa. Imejaa mpaka inatoa harufu ukiwa mbali. Lakini sijavuna hata sega. Wazee wamenikataza kuigusa."

"Kwa nini?"

"Wanasema siyo yangu."

"Si umeiazima kihalali?"

"Nimewaambia, mwalimu. Nimewaonyesha mpaka fomu. Wanasema fomu haining'inii mtini."

Odeta akafunga rejista. "Kesho tunakwenda Litapunga. Wote watatu. Baba Nestori, beba bomba la moshi na vazi moja la nyuki, uandike vimetoka."

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Agatha akatufikisha kwa Mzee Gaudensi, Mkonongo mfupi mwenye mabega ya mtu wa miaka thelathini na uso wa miaka themanini. Ndiye mkubwa wa warina asali wa pale, na ndiye aliyempa Agatha miti ya kuning'inizia. Tulimkuta uani anashona mzinga wa gome.

"Shikamoo, baba," Odeta akasalimu.

"Marahaba, mama. Karibuni. Mmekuja naye?"

"Na nani, baba?"

"Mwenyewe. Mia Sita Thelathini na Nane."

Odeta akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Mzee Gaudensi akaugeuza ule mzinga wa gome atuonyeshe. Juu ya mlango kulikuwa na mikato mitatu na duara. "Hii ni alama yangu. Baba yangu alikuwa na mikato mitatu, mimi nimeongeza duara. Nikifa leo, mtu akiukuta mzinga huu katikati ya pori, ana njaa, ana watoto, ataupita. Mzinga ni wa mwenye alama, na mwenye alama ndiye anaufungua. Sasa binti huyu kaniletea mizinga sita ina alama ya mtu, imechomwa kwa moto, pale pale mlangoni. Miti nimempa. Ulinzi nimempa. Kuvuna, hapana. Aje mwenyewe."

"Ile siyo alama ya mtu, baba," Odeta akasema. "Ni namba ya maktaba. Inaonyesha kitu kinakaa wapi."

"Ndiyo. Kinakaa kwake."

"Kwa nani?"

"Mama, usinifiche, huyu bwana tunamjua." Akaweka sindano chini. "Mwezi wa tatu nilipiga simu ofisini kwenu, namba alinipa Agatha. Nikauliza, huyu Mia Sita Thelathini na Nane ndiye nani? Nikajibiwa vizuri kabisa. Ni mtu mzito. Ana mizinga kutoka hapa mpaka Karema. Alishavuka ziwa amepanda mzinga, anapiga kasia kwa sega. Mtu akigusa chake, hafoki. Anamwandika jina tu. Na jina likishaandikwa, halifutiki."

Ile simu niliikumbuka. Machi ile mvua ilinyesha Mpanda mpaka kambale wakawa wanapanda bodaboda kwenda sokoni, nami nilikuwa peke yangu maktaba, magazeti nimeyamaliza. Simu ikalia, sauti ikaniuliza swali lile, nikadhani ni mwanafunzi ananitania. Nikamjenga yule bwana kuanzia kofia hadi viatu. Nilimpa hata mke wa pili, sema Mzee Gaudensi alikuwa na adabu ya kutomtaja.

"Kaka," nikasema, "aliyekujibu ni mimi. Huyo mtu hayupo. Nilimtunga."

Mzee Gaudensi akauweka ule mzinga wa gome kando.

"Miezi mitatu," Mzee Gaudensi akasema polepole, "nalinda mizinga ya mtu aliyezaliwa mdomoni mwako?"

"Ndiyo, kaka."

"Vijana wawili walitaka kuirina, nikawaambia wataandikwa. Mmoja alihamia Sitalike kwa woga."

"Basi angalau haijaibiwa."

"Nyamaza, Mfipa wewe." Akamgeukia Odeta. "Nyie wa maktaba mnaajiri waongo?"

"Hatujamwajiri. Anajitolea."

"Anajitolea kudanganya! Bure kabisa!" Akacheka kicheko kifupi cha puani, kisha akakikata. "Haya. Uongo umefutika. Alama bado ipo."

"Ni kosa letu," Odeta akasema. "Hatukuuliza kabla ya kuchoma. Lakini Ijumaa ni keshokutwa, baba. Mwenye alama ni maktaba."

"Maktaba ana mikono?"

Odeta akaitazama mikono yake. Huyu ni mtu ambaye nyuki akitua kwenye chupa ya soda, anamwachia soda. "Anayo hii," akasema.

Jua lilikuwa limeshuka tulipofika kwenye mzinga namba moja. Agatha akawasha bomba la moshi. Mimi nikampa Odeta lile vazi jeupe. Hakulipokea. Alichuchumaa, akaweka rejista juu ya kisiki, akaanza kuandika.

Mzee Gaudensi akainama. "Unamwandika nani tena?"

"Najiandika mimi."

"Wewe? Kwani si ndiye mkubwa wao?"

"Mkubwa anaazima kama wengine, baba. Hapa jina, hapa tarehe ya kurudisha. Nikilichana, linaandikwa limechanwa na Odeta."

"Kwa hiyo vitu hivi si vyako?"

"Si vyangu."

"Ni vya nani sasa?"

Odeta akatia sahihi kwanza. "Vya aliyenavyo leo. Akimaliza, vya anayefuata."

Mzee Gaudensi alikaa akiangalia lile jina lililolowa wino. Sijui alikuwa anafikiri nini, na kwa kuwa nimeshaungua na simu moja, sitamtungia. Alisema tu, "Basi fungua wewe, kwa ajili ya alama. Ukishafungua, wa leo ni huyu binti. Avune yeye. Na namba yenu siku nyingine chomeni chini, kwenye sakafu ya mzinga. Mbele ni pa anayefuga."

"Tutachoma chini," Odeta akasema.

Akavaa, akasogea. Akashika mfuniko. Nyuki walikuwa wanavuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Akainua. Sauti ikapanda, na mara nikaona goti lake la kulia linaruka lenyewe. Kadi yangu ya lile vazi ilisema "zima". Goti la vazi sikulikagua, nalo lilikuwa na tundu. Aliumwa mara tatu, akatoa mlio kama wa mtu anayeita paka, lakini mfuniko haukumtoka mikononi. Aliulaza majanini taratibu, akatoa kijiti kimoja chenye sega, asali imejaa hadi kona, akamkabidhi Agatha.

"Vuna," akasema, meno ameyauma.

Agatha akavuna, anapima, anaandika, akiwaachia nyuki akiba yao kama Mzee Gaudensi alivyomwelekeza. Tulipita mzinga wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mmoja Odeta anafungua, Agatha anavuna.

Wa sita tulikuta mbao. Zimetawanyika chini ya mti, waya umelegea, sega limelambwa likabaki kama kitambaa. Agatha akashika kichwa.

"Nyegere," Mzee Gaudensi akasema, akituonyesha kucha kwenye ubao. "Siyo zamani. Wiki hii hii. Binti, huu uliuning'iniza chini mno."

"Kamba iliniishia, babu," Agatha akasema kwa sauti ndogo. Kisha akageuka haraka. "Mwalimu, mitano iliyobaki tuwakung'ute nyuki leo, niibebe masanduku matupu. Ripoti nitaandika na hiki nilichopata. Kabati lisifungwe kwa ajili yangu."

"Ukiwakung'uta watahama," Mzee Gaudensi akasema. "Umewafuga miezi saba uwafukuze siku moja?"

Mimi nikamvuta Odeta pembeni. Akili yangu ilikuwa imeshachemka. "Sikiliza, mwanangu. Makamu tunamleta huku. Miti yote inafanana. Tunamzungusha, anahesabu mpaka mitano, halafu tunampitisha tena kwenye namba tatu kwa nyuma, ambako hamna namba. Sita kamili. Au kesho natengeneza mzinga mpya, nauchoma namba sita, nani atajua?"

"Baba Nestori." Goti lake lilikuwa limevimba kama embe. "Uongo mmoja umetuchukulia miezi mitatu. Wa pili hapana. Hakuna atakayekung'uta nyuki, na hakuna atakayezungushwa. Bwana Alois anataka kuona. Ataona."

Ijumaa saa tatu Bwana Alois alifika na kalamu mbili. Akakagua kadi kwa kadi. Mizani, akaining'iniza. Gambuti, akakitazama kiraka. Kwenye turubai akasoma, akainamisha pua, akaweka alama ya vema. Vitu thelathini na tano vikapita. Akageuza ukurasa.

"Mizinga sita."

"Iko Litapunga," Odeta akasema.

"Basi imepotea."

"Haijapotea. Kila mmoja najua uko mti gani. Bodaboda nne ziko getini."

"Madam, ukaguzi ni wa maktaba. Leta hapa."

"Haiwezi kuja, ina wenyewe ndani. Ulisema uione kwa macho yako mawili, Bwana Alois. Hukusema ukiwa umekaa wapi." Alikuwa anachechemea, amesimama mlangoni, na nakwambia asingepita mtu pale bila kumbeba. "Usipotaka kwenda, andika hapo kwamba mkaguzi aliitwa akakataa. Mimi nitatia sahihi chini yake."

Mtu wa taratibu humtishi kwa panga. Mwambie utaandika. Bwana Alois alitazama fomu, akatazama viatu vyake, akatoka kwenda getini. Odeta akatundika karatasi mlangoni: *Maktaba imekwenda kuona mizinga, inarudi saa tisa.*

Agatha alitangulia, Mzee Gaudensi akatupokea. Bwana Alois alisogea hadi pale nyuki walipomruhusu, akakunja macho, akasoma: moja, vema. Mbili, vema. Kwenye wa nne nyuki alimtua kwenye kola. Alisimama kama sanamu ya kanisani mpaka mdudu alipoondoka, kisha akaweka vema. Tano, vema.

Tukafika kwenye mbao.

"Huu umepotea," akasema, na nikasikia alivyoisubiri hiyo sentensi.

"Uko chini ya miguu yako," Odeta akajibu. "Soma ubao huo. MZI, sita. Fomu yako ina safu tatu: upo, umepotea, umeharibika. Kilichopotea hakijulikani kilipo. Huu umeharibika, na tunajua kilichouharibu."

Mzee Gaudensi akainua ubao, akaweka kidole kwenye mikwaruzo. "Nyegere. Hii kucha, hii kucha. Hapa alikaa akala."

Bwana Alois alichuchumaa. Akavigeuza vipande vyote, kimoja kimoja, akavipanga, akavihesabu kama mtu anayetafuta kosa. Tulisubiri. Agatha alikuwa ameuma ncha ya khanga.

"Madam," akasema bila kuinuka, "nilijua leo nitakuta mzinga mpya wenye rangi mbichi na namba mbichi. Nimeshakagua stoo nyingi."

"Kuna mtu alinishauri hivyo."

Bwana Alois akainua macho akanitazama. Nilikuwa naangalia ndege fulani wa muhimu sana.

Akaandika, na alipokuwa anaandika akasoma kwa sauti, kama desturi yake: "Mizinga mitano, ipo. Mzinga mmoja, umeharibika. Mharibifu, nyegere." Akasita. "Ni mwanachama wa maktaba?"

"Bado hajajaza fomu," nikasema.

Hakucheka. Aliandika: *Si mwanachama.* Kisha akapiga mstari chini ya ukurasa, akatia sahihi, akaupuliza wino. "Kilichopotea, hakuna. Kabati libaki lilipo. Lakini siku kumi na nne kwa mzinga, Madam, ni kichekesho."

"Kuanzia jana ni msimu mmoja. Nimeshabadilisha fomu."

"Na huu ulioharibika? Sitaki kuukuta hivi mwakani. Nani anautengeneza, na lini?"

Odeta hakunitazama hata kidogo. Alifungua mkoba, akatoa rejista, akaiweka juu ya mbao zile zile. "Mzee Nestori. Msumeno mmoja, nyundo moja. Wiki mbili."

"Mwanangu," nikasema, "kwanza makamu aelewe huyu nyegere alikuwa wa namna gani. Mimi nyayo zake nimeziona kule kijitoni, na kusema kweli, faru mwenyewe…"

"Sahihi, baba."

Mzee Gaudensi akanisogezea kalamu. Nikatia sahihi. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa nyuma ya maktaba na msumeno, nakata ubao wa kwanza, na Odeta amefungua dirisha ili asikie kama nimeacha.